Diwani ya Amri na Ngano ya Hanang

Imekuwa ada, kila wanapohesabiwa washairi walioshika hatamu za serikali, Sheikh Kaluta Amri Abedi kutajwa mwanzo na kusifiwa kwa ngazi alizopanda. Alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akasoma Tabora, akawa mhubiri wa Jumuiya ya Ahmadiyya, akashiriki katika tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyochapwa 1953, na mwaka uliofuata akatoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Akaingia katika chombo cha kutunga sheria kwa upande wa Kigoma. 1962 akapewa ukuu wa Mkoa wa Magharibi. 1963 akawa Waziri wa Sheria. 1964 akahamishiwa Wizara ya Maendeleo ya Jamii na Utamaduni wa Taifa. Na Oktoba ya mwaka huo huo akafia Ujerumani ya Magharibi, umri wake miaka arobaini. Wasifu huu ukisomwa kwa mfululizo huwa kama utenzi: kila ubeti umepanda juu ya uliotangulia, na kituo chake ni mauti.

Kumsoma hivyo ni kumpunja. Vyeo vitano katika muda usiotimia miaka mitano havionyeshi ni kazi gani iliyofanywa. Vinaonyesha tu kwamba mwenye kazi hakuachwa akae. Meya aliyeondolewa kabla hajamaliza kuujua mji wake, mbunge aliyefanywa mkuu wa mkoa, waziri wa sheria aliyehamishwa mwaka mmoja tu baada ya kushika kalamu: haya yote yaliitwa kupandishwa, na hakika kwa hesabu ya itifaki alipanda. Lakini swali lipasalo kuulizwa juu ya mtu aliyetoka baraza la mji akafika bungeni ni moja tu, nalo huulizwa kwa nadra. Je, aliyachukua nini ya baraza akayafikisha bungeni, na yalimfaa nani huko mbali ambako jina lake halikujulikana?

Mbali huko na kuitwe Getanuwas. Ni kata ya Hanang, katika nyika zilizo magharibi ya mlima wa jina hilo, mlima wenye zaidi ya mita 3,400, nchi ya Wadatoga, hasa Wabarabaig, na majirani zao Wairaqw. Hanang ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu kabla ya kumegwa, na hadi ulipoundwa mkoa wa Manyara mwaka 2002 zote mbili zilikuwa chini ya Arusha. Kwa hivyo mzee wa Getanuwas aliyekuwa na shauri la mkoa, au kesi ya Mahakama Kuu, alipaswa kwenda Arusha. Na Arusha kuna uwanja wa kandanda ulioandikwa jina la Sheikh Amri Abeid. Ndiyo kumbukumbu kubwa aliyojengewa. Mtu aliyekesha akipima mizani ya maneno na kuyatafutia maneno ya dola lugha ya watu amepewa nyasi na magoli mawili. Si kwamba kandanda ni aibu. Ila mzee yule wa Hanang aliupita uwanja huo akielekea mahakamani, akaingia humo akakuta shauri lake linaandikwa kwa Kiingereza.

Lugha ya Kiswahili imetoa neno moja kwa vitu viwili. Diwani ni mkusanyiko wa mashairi ya mtu, na diwani ni mjumbe wa baraza la mji. Neno hili limetujia kutoka Kiajemi na Kiarabu likiwa na daftari ndani yake: mahali palipoandikwa hesabu za dola, kisha mahali palipoandikwa tungo. Amri Abedi alikuwa nazo zote mbili, na kwa mtu wa tabia yake hazikuwa mbali. Kitabu chake cha 1954 kinajulikana kwa ukali: kinadai vina, kinadai mizani, kinadai shairi liimbike. Vijana wa miaka ya 1970, walioandika mashairi yasiyo na vina, walimfanya adui yao wa kwanza, wakati yeye yuko kaburini na hawezi kujibu. Magomvi hayo yamekula kurasa nyingi za majarida, na si nia hapa kuyafufua. Lakini wale waliomwita mkoloni wa ushairi walipitwa na jambo moja. Kanuni alizoziandika hazikuwa zake. Zilikuwa za waimbaji wa pwani na bara waliozijua kwa sikio bila kuziona zimeandikwa. Alichofanya ni kuitwaa sheria iliyokuwa inaishi vinywani mwa watu, akaiweka katika maandishi ya lugha ile ile, ili kila anayesoma aweze kuipinga. Ndiyo maana wakaweza kumpinga. Lau angeiandika kwa Kiingereza, vijana hao wangekuwa na wa kumpinga?

Umeya nao ulikuwa kazi ya namna hiyo. Dar es Salaam ilikuwa manispaa tangu 1949, na haikupata hadhi ya jiji mpaka Desemba 1961. Kabla ya Amri, kiti cha meya kilikaliwa na Wazungu na Wahindi. Mambo ya baraza ni madogo kwa anayeyaangalia kutoka ikulu: soko, mfereji, taka, leseni ya duka, taa ya barabarani, makaburi. Lakini ukubwa wake umo katika kitu kimoja. Mwenye kuamua yuko karibu na mwenye kuamuliwa, na wanasemezana kwa lugha moja. Mama muuza samaki aliyepandishiwa ushuru anajua mlango wa kubisha. Aime Césaire, mshairi wa Martinique, alichaguliwa meya wa Fort-de-France mwaka 1945 na mwaka ule ule akaingia Bunge la Ufaransa. Alikaa bungeni hadi 1993 na katika umeya hadi 2001. Kuna wanaomlaumu kwa kuifunga Martinique na Ufaransa kwa sheria ya 1946, na lawama hiyo ina uzito. Hata hivyo hapana aliyeweza kusema kwamba hakukaa. Miaka zaidi ya hamsini watu wa kisiwa kile walijua nani wa kumwuliza kuhusu mfereji na kuhusu katiba pia. Tanganyika ilimpata mshairi wake meya, ikamtoa katika umeya kama mtu anayekwanyua mche uliokwisha kushika ardhi.

Mwaka huo wa 1960 una kisa kingine ambacho Mbulu inakikumbuka na taifa limependa kukisahau. Katika uchaguzi wa Agosti, viti vilikuwa 71, na 58 kati yake vilipata wajumbe bila kupingwa. TANU ilitwaa viti 70. Kilichobaki kilikuwa cha Mbulu, ambako Herman Sarwatt, aliyesimama peke yake bila idhini ya chama, alimshinda Amri Dodo, mgombea rasmi. Vitabu vingi hukitaja kisa hiki kwa sentensi moja, kwa mzaha mdogo, kama doa la wino katika ukurasa mweupe. Lakini doa hilo ndilo mahali pekee ambapo wapiga kura waliambiwa nani wa kumchagua wakamchagua mwingine. Miaka mitano baadaye, chini ya Katiba ya Muda ya 1965, chama kimoja ndicho kilichochuja wagombea wote, na njia aliyoipita Sarwatt ikazibwa kwa sheria. Tangu hapo mtu wa Mbulu au Hanang aliweza kuchagua kati ya wawili walioletwa. Kuleta wa tatu hakuweza.

Sasa turudi kwa Waziri wa Sheria wa 1963. Hapo ndipo alipofanya kazi kubwa kuliko zote, na ndipo pia anapostahili lawama, jambo ambalo wasifu wake wa pongezi haligusi. Mwaka huo ilitungwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyoanza kutumika 1964. Kabla yake kulikuwa na mahakama za aina mbili: za wenyeji, zilizokuwa chini ya machifu na maliwali, na za serikali, zilizokuwa na majaji na mawakili. Sheria hiyo ilizifanya safu moja, kutoka mahakama ya mwanzo kule kijijini hadi Mahakama Kuu. Mahakama ya mwanzo ilikwenda kwa Kiswahili, bila wakili. Mwaka ule ule uchifu ukafutwa. Kwa mtu aliyewahi kuwa diwani, mahakama ya mwanzo haikuwa kitu kigeni. Ilikuwa baraza lenye hakimu. Kazi ya kuyapata maneno ya sheria kwa Kiswahili ilianza, na kufikia 1968 orodha ya istilahi hizo ilikwisha kuchapwa Dar es Salaam. Mwandishi wa Sheria za Kutunga Mashairi alikuwa amekaa mahali hasa alipostahili kukaa.

Lakini safu ile ilikuwa na ngazi iliyokatika katikati. Aliyekata rufaa akapanda juu, alipofika Mahakama Kuu alikuta lugha imebadilika. Shauri lililoanzwa kwa Kiswahili lilimalizwa kwa Kiingereza, na mwenye shauri akageuka mgeni katika mambo yake mwenyewe. Ya pili ni nzito zaidi. Mwaka 1963 serikali ilitangaza sheria za mila kwa maandishi, kazi iliyotokana na uchunguzi wa Hans Cory. Yalitangazwa mambo ya ndoa na mahari, ya watoto, ya ulezi, ya urithi na wasia. Ardhi haikuwamo. Mtu alijua kwa maandishi ng'ombe wangapi watarudishwa mke akiachwa. Hakuwa na maandishi ya kuonyesha kwamba malisho aliyolisha baba yake na babu yake ni yake. Waziri aliyekuwa na sikio la kusikia kasoro ya mizani moja katika mshororo hakuisikia kasoro hii, au aliisikia akaahirisha. Kisha akahamishwa wizara, kisha akafa. Waliobaki hawakuwa na haraka.

Mwaka 1972 serikali ilifuta mabaraza ya wilaya na ya miji, na badala yake ikaletwa mipango iliyoitwa madaraka mikoani, ambayo kwa kweli ilikuwa madaraka ya maofisa waliotumwa mikoani. Mabaraza ya miji yalirudi 1978. Ya wilaya yaliundiwa sheria 1982 na kuanza tena 1984. Hesabu hii ya miaka isipitwe kwa haraka. Kwa muda wa miaka kumi na miwili mtu wa Hanang hakuwa na diwani. Na katika miaka hiyo hiyo ndipo tambarare za Hanang zilipolimwa.

Mradi wa ngano ulianza Basotu mwishoni mwa miaka ya 1960, chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, na tangu mwanzo wa miaka ya 1970 Kanada ilileta fedha, wataalamu na mitambo. Mashamba yaliongezeka hadi kufika saba, ekari zipatazo 100,000 kwa jumla, na yalichukua ardhi iliyo bora: zile tambarare zenye rutuba ambazo Wabarabaig walizilisha mvua ikinyesha, kisha wakaziacha zipumzike. Aliyepanga mashamba aliiona nchi ile mwezi ambao mifugo haikuwapo akasema ni tupu. Kwa mfugaji ilikuwa kama ghala lililofungwa. Njia za ng'ombe kwenda majini na kwenye chumvi zikakatwa. Trekta zikapita juu ya makaburi ya wazee, bung'eda, vilima vya udongo vinavyojengwa kwa heshima ya miezi mingi na kutembelewa na vizazi. Ngano ilipatikana, hilo halikanushwi. Miji ilikula mkate. Nani aliulizwa? Baraza la wilaya halikuwapo. Mbunge alikuwapo, lakini katika mfumo ule mbunge alikuwa anawaeleza watu mipango ya serikali zaidi kuliko anavyoieleza serikali hali ya watu.

Kesi ikafunguliwa. Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji 67 waliishtaki NAFCO katika Mahakama Kuu, Arusha, kwa kuingia katika ardhi yao na kuharibu mazao na nyumba. Walishinda. Shirika likakata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Kijiji, ilisema mahakama, hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi hiyo kisheria. Na wanakijiji nao hawakuthibitisha kwamba ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi, sheria iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, ya mwaka 1923.

Wenyeji! Watu waliozikiwa babu zao katika tambarare ile walitakiwa waonyeshe kwamba ni wenyeji, na lilikuwa neno la Kiingereza walilotakiwa walithibitishe, neno lililotungwa na gavana kwa ajili ya kuwatenga watawaliwa na watawala. Laiti shauri lile lingesikilizwa kwa Kiswahili hadi juu, haisemwi hapa kwamba wangeshinda. Majaji wangeweza kufika pale pale. Lakini jaji angelazimika kuandika kwa Kiswahili sentensi isemayo kwamba Mbarabaig wa Hanang hakuthibitisha uenyeji wake Hanang. Na sentensi hiyo, ikisomwa kwa sauti mbele ya watu, ingemtoa jasho msomaji. Kiingereza kiliibeba bila aibu. Lugha ya kigeni ina faida hiyo kwa wenye nguvu, kwamba maneno hayagongani na masikio ya wanaohukumiwa. Miaka miwili baadaye, 1987, serikali ikatoa tangazo la kuzifuta haki za mila katika ardhi hizo, ili lisibaki hata la kubishania.

Kuna hoja inayopingana na haya yote, nayo si ya kudharauliwa. Watasema watu wa Hanang wenyewe kwamba Kiswahili si lugha yao. Mzee wa Getanuwas anaota kwa Kidatoga, anabariki kwa Kidatoga, na Kiswahili kilimfikia kupitia shule, mnada na karani wa kodi. Kwa nini basi mshairi wa Ujiji ahesabiwe kuwa mtetezi wake? Si Kiswahili hicho hicho kilichokuwa lugha ya trekta na ya tangazo la 1987? Ni kweli. Pwani na visiwani kuna tabia ya kukisifu Kiswahili kana kwamba kila kilipofika kilifika na tende na halua, na tabia hiyo inafaa iachwe. Lakini kati ya lugha ya jirani na lugha ya wakili kuna tofauti ya hatua. Hukumu ya Kiswahili, mjukuu aliyemaliza darasa la saba anaweza kumsomea babu yake jioni, akaitia Kidatoga neno kwa neno, na babu akauliza, akabisha, akacheka kwa uchungu. Hukumu ya Kiingereza inamtaka mtu mwenye shahada, nauli na ada. Hatua ya kwanza mtu huivuka kwa jamaa. Ya pili huivuka kwa pesa.

Hoja ya pili ni ya wanasheria, na imerudiwa tangu uhuru: Kiswahili hakina istilahi. Istilahi zilikuwa zinachapwa 1968. Mahakama za mwanzo zimekuwa zikihukumu kwa Kiswahili kwa miaka yote hiyo, wizi, ndoa, mirathi, madeni, na hakuna aliyeachiwa huru kwa upungufu wa msamiati. Januari 2021 Jaji Zephrine Galeba, akiwa Mahakama Kuu Musoma, aliandika hukumu kwa Kiswahili katika shauri la mgodi wa North Mara, na mbingu hazikuanguka. Aliyekuwa rais, John Magufuli, alimpandisha Mahakama ya Rufani mwezi uliofuata. (Hapa tena kupandishwa! Dola haina namna nyingine ya kusema ahsante.) Mwezi huo wa Februari ikapita sheria namba 1 ya 2021, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zote, ikiacha mlango wa Kiingereza pale haki itakapodai. Kutoka kifo cha Amri Abedi hadi siku hiyo ni miaka hamsini na sita. Katika muda huo mashamba ya Hanang yalifunguliwa, yakalimwa, yakachakaa, yakaanza kubinafsishwa, na miaka ya 2000 sehemu ya ardhi ikarudishwa vijijini ikiwa imechoka.

Wengine wamepita njia ya Amri tangu hapo. Kitwana Kondo alikuwa Meya wa Dar es Salaam na akawa mbunge. Madiwani na mameya wengi wa miji wameziona halmashauri kama kituo cha basi la Dodoma. Hilo si kosa kwa lenyewe. Bunge linahitaji watu waliowahi kutukanwa kwa sababu ya taka. Kosa ni kwamba, wakishafika, huzungumza kana kwamba baraza walilitoroka. Miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza na kujadiliwa kwa Kiswahili, kwa miongo mingi, mbele ya wabunge waliopiga kura ya ndiyo kwa maandishi ambayo baadhi yao hawakuweza kuyasoma hadi mwisho, na hakuna meya wa zamani aliyesimama akasema haondoki mpaka asomewe kwa lugha aliyoombea kura.

Kama kuna wanaotaka kumuenzi Sheikh Kaluta Amri Abedi kwa kitu kisichokuwa uwanja, kazi iko tayari na haihitaji saruji. Hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 1985, shauri la NAFCO na Mulbadaw, ichukuliwe kutoka katika ripoti za sheria ilimo kwa Kiingereza, itiwe Kiswahili chenye kupimwa neno kwa neno kama alivyopima mizani, na isomwe hadharani Getanuwas, Basotu na Mulbadaw siku ya mnada, kwa sauti, pamoja na mtu wa kuitia Kidatoga, na baada ya kusomwa waachwe watu wa pale waseme.